Karibu Iliyoharibu Filamu

Vijana wangu wa Kibiti, nawaona mnavyopita mbele ya nyumba yangu, simu mmezifunga kwenye vijiti, mmoja anatembea kinyumenyume na mwingine anamfuata akijifanya analia. Iko siku mtatumbukia mtaroni. Mimi nimekaa ndani, dirisha liko wazi, nawacheka peke yangu. Halafu mkifika kwenye baraza yangu, badala ya kupiga hodi mnanipigia simu ili mniambie, "Mzee Salumu, tuko nje." Simu yenyewe nimeiacha kwenye chaji chumbani. Mpaka nijikongoje niifikie imeshakata, na nikitoka barazani nakuta mmeshakwenda zenu. Hilo tutalirudia mwishoni, nisije nikaanza na ugomvi.

Juzi mmoja wenu alinikuta nje akaniuliza, "Mzee, hizi filamu fupi zina faida gani na zina changamoto gani? Tupe madini." Nikamwambia nina njaa, nikaingia ndani. Kusema kweli swali lilinishinda kulijibu nikiwa nimesimama. Kazi hiyo nimeifanya utu uzima wangu wote, hapa mjini na huko kwenye visiwa vya delta ya Rufiji, na nimeiacha tangu mke wangu Siwema alipofariki. Watoto hatukujaaliwa. Kwa hiyo sasa nina muda mwingi kuliko ninavyoutaka, na nyumba ni kubwa kuliko mtu mmoja. Acha niwajibu kwa maandishi, ila msinitake nianze mwanzo niende mwisho. Nitasimulia linavyonijia.

Nilianza na harusi. Enzi hizo kamera inakula kanda, unaibeba begani mpaka jioni shingo imekwenda upande. Mwenye shughuli wa hapa kwetu anataka kila kitu kiwemo, tangu mchele unavyopepetwa mpaka mgeni wa mwisho anavyosukumizwa ndani ya gari. Ukikata sehemu aliyotokea shangazi, umeanzisha vita vya ukoo. Nilikuwa natoa mikanda mirefu hiyo, na najua fika hakuna aliyewahi kuitazama mpaka mwisho, hata bwana harusi. Kila mtu alikuwa anaipeleka mbele mpaka afike pale alipo yeye, anajitazama, anairudisha, anajitazama tena, anazima. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini nisitengeneze kitu kifupi ambacho mtu hapati nafasi ya kukiruka.

Siwema aliingia kazini kwa sababu ya harusi hizohizo. Upande wa wanawake mimi siruhusiwi kukanyaga, na bibi harusi naye anataka picha. Tulikuwa tumeoana karibuni tu. Nikampa kamera, nikamwonyesha cha kubonyeza, akaingia nayo kule kwenye vigelegele. Alivyorudi nikatazama alicholeta: dari, miguu ya watu, na kisogo cha mpiga ngoma. Nilitaka kukasirika. Kisha nikasikiliza. Jamani, sauti! Kila wimbo umeanzia mwanzo wake, hakuna aliyekatwa maneno, ngoma haijameza waimbaji. Nikamuuliza alifanyaje.

"Sikufanya kitu," akasema. "Nilikuwa nanyamaza kwanza, nasikiliza wapi panasikika vizuri, ndiyo nasogea."

Tangu siku ile mimi nikashika kamera, yeye akashika maiki. Watu wa Kibiti walitucheka. Mwanamke wa watu, kajitanda kanga, anatembea na fimbo ndefu yenye kitu kama panya kichwani! Panya yule alimtengeneza mwenyewe kwa soksi yangu na kipande cha blanketi, kuzuia upepo. Mkitaka ushauri wa kwanza ndio huo, na hamtaupata kwenye simu zenu: picha mbaya mtu anaivumilia, sauti mbaya mtu anaondoka. Upepo wa delta ukiingia kwenye maiki, hata akina mama waliokuwa wamekaa wanalia na filamu watanyanyuka kwenda kupika.

Halafu alikuwa na mtindo wake mmoja uliotutia aibu kila mahali. Tukishamaliza sini, watu wanataka kucheka na kunyoosha miguu, yeye anainua mkono. "Subirini kwanza. Nachukua kimya." Basi wote tunasimama kama tumeganda huku yeye amefumba macho, maiki ameielekeza hewani. Mzee mmoja wa Ngorongo alimuuliza, "Mwanangu, hicho kimya unakipeleka wapi?" Lakini alikuwa sahihi. Kimya cha nyumba ya makuti si sawa na cha nyumba ya bati. Bati likipata jua linatatarika. Makuti yana vijidudu vyake. Ukiwa unahariri, ukakata kelele fulani ukaacha pengo tupu, mtazamaji anashtuka kama kiti kimevutwa. Pengo lile unaliziba kwa kimya cha nyumba ileile. Siwema alinijazia vimya vya Rufiji nzima.

Faida za ufupi, basi. Tuliwahi kujaribu filamu ndefu, kule Mkongo. Hadithi ilikuwa nzuri, mapenzi, uchawi kidogo, mashamba kugombaniwa. Tukapiga robo yake, mpunga ukaanza kutoa masuke. Nyinyi wa mjini hamjui maana yake. Maana yake ndege wamefika, na kila mwenye shamba lazima akapande kwenye dungu lake, kile kibanda cha miti juu ya nguzo, ashinde huko mchana kutwa akipiga makelele na kurusha udongo. Shujaa wetu akaenda kuamia ndege. Tukamsubiri mpaka mavuno. Aliporudi alikuwa kanyoa upara, na kanenepa. Nikasema tutajaribu. Kwenye picha mtu anaingia mlangoni na nywele zake, anatokea upande wa pili na kipara kinang'aa, shavu limejaa. Filamu ile haikumalizika mpaka leo, na dada aliyekuwa mchumba wake aliolewa kweli, na mtu mwingine kabisa.

Filamu fupi haina msiba wa namna hiyo. Unawakuta watu kati ya kupalilia na kuamia, unawaomba siku chache, wanakupa. Jenereta halijaishiwa mafuta, na filamu imekwisha. Ukikosea umekosea kidogo. Ukiionyesha na watu wakaipenda, wanakwambia rudia, unairudia palepale, na mama mwenye chungu jikoni anaondoka bila wali kuungua.

Changamoto nazo zipo, na kule kwenye visiwa changamoto kubwa ni maji. Msidhanie nasema mawimbi. Nasema kupwa na kujaa. Tulikuwa tunapiga picha ya watu wawili kwenye mtumbwi, wanagombana, mmoja anapiga kasia. Tulianza maji yamejaa, mikoko imezama mpaka kifuani. Wanasahau maneno, tunarudia. Kunguru analia, tunarudia. Boti inapita, tunaingoja inyamaze, tunarudia. Kuja kushtuka, mtumbwi umekaa juu ya tope, na yule bwana bado anapiga kasia kwa bidii zake zote. Kabla ya kuuliza waigizaji lini wana nafasi, waulizeni wenyeji maji yatakuwaje. Tena ulizeni mwezi uko wapi, maana maji ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana, yakikuacha kwenye kijito utalala na mbu. Kadi zenu za kamera wekeni kwenye kopo lenye mchele mkavu, chumvi ya hewani isizile.

Lakini ugumu wenyewe hasa wa filamu fupi ni kukata. Filamu ndefu ina stoo, ukipenda kitu unakisukuma mahali. Fupi haina stoo. Kila usichokihitaji kinatoka, hata kama unakipenda. Na sisi kadi zetu zilikuwa ndogo, kwa hiyo kilichotoka nilikuwa nakifuta siku hiyohiyo ili kesho tupate pa kuweka kingine. Mtu akikosea, nafuta. Mtu akicheka, nafuta. Siwema akisema "Tayari, tuanze" kwenye maiki, nafuta, kwa sababu hiyo si filamu, hiyo ni kazi.

Sasa niwasimulie ya Mbwera, ambayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mbwera ndiko alikozaliwa Siwema. Tulikwenda kupiga filamu ya ndugu wawili waliokosana kwa ajili ya minazi ya marehemu mama yao. Kaka anaamua kwenda kwa dada yake kuomba radhi. Anafika mlangoni, anapiga hodi mara tatu, hajibiwi. Anaingia. Anamkuta dada amekaa uani amempa mgongo, anachambua mchele, na tunaelewa kwamba alizisikia hodi zote tatu. Baada ya hapo wanazungumza kidogo, filamu inakwisha. Kimya kile baada ya hodi kilikuwa ndio roho ya filamu. Nilikifikiria miezi. Nilijiona nimefika.

Kaka tulimpata palepale, mkata mikoko mmoja aitwaye Omari, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, hajawahi kusimama mbele ya kamera maisha yake. Nikamweka mlangoni, mimi na kamera nje nyuma yake. Siwema akajibanza ndani nyuma ya mlango na maiki yake, asionekane. Nikasema anza.

"Hodi!" akaita Omari.

"Karibu!" wakaitikia watu wote waliokuja kututazama, wake kwa waume.

Kata. Nikawaeleza: jamani, hii ni filamu, yeye anaita, nyinyi mnyamaze. Wakaomba radhi sana. Tukaanza tena. "Hodi!" "Karibu baba!" Safari hii ni bibi mmoja nyumba ya pili, hata haoni tunafanya nini, kaitikia tu huko aliko. Tukamtuma mtu akamweleze. Tukaanza tena. Omari akapiga ya kwanza, ya pili, wote kimya, na ya tatu, mtu aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akaitikia, akaendelea na safari yake. Nyinyi mnacheka. Mimi nilikuwa natokwa jasho, maana kivuli kilikuwa kinahama mlangoni. Kwa watu wa kule hodi haiwezi kuachwa ikaanguka chini. Mdomo unaitikia wenyewe kabla akili haijaulizwa.

Kisha likatokea jambo. Omari alikuwa amechoka kurudia, na nadhani ule uchovu ulimfanya asahau kamera. Akasimama pale mlangoni, kainamisha kichwa, mkono kauegemeza kwenye mwimo wa mlango. "Hodi," akasema, taratibu. Kimya. "Hodi." Kimya. Mara ya tatu sauti ikakatika katikati, na macho yakamjaa machozi ya kweli. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba yeye na dada yake wa kuzaliwa naye hawakuwa wanasemezana. Sikuwahi kupata kitu kama kile kwenye kamera yangu, wala sikukipata tena.

Na kutoka nyuma ya mlango, laini, kwa upole wote wa dunia, mke wangu akaitikia, "Karibu! Karibu ndani."

"Siwema!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Umeitikia!"

"Nimeitikia nini?"

"Umesema karibu."

"Sijasema."

Nikaingia ndani, nikamvisha visikilizio masikioni, nikamrudishia kile kipande. Akasikiliza. Akavivua akanitazama bila haya hata kidogo.

"Basi mtu mzima kapiga hodi mara tatu, analia, we ulitaka nimnyamazie? Bwana we, mie nimelelewa."

"Siwema, ni filamu!"

"Hodi ni hodi. Na akipiga ya tatu asijibiwe, dini inamwambia arudi kwao. Huyo wako anaingia nyumba ya watu hivihivi. Nani kamfunza?"

Watu nje wakacheka, wakawa upande wake, ni binti yao. Tulimwomba Omari arudie, akarudia, lakini kilichotoka mara ya kwanza hakikutoka tena. Alikuwa anaigiza sasa. Ikabidi nichukue kile chenye kosa.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, tukakitazama kwenye kibanda cha video cha Bi Somoe. Huyu ni mama aliyekuwa anaonyesha filamu pale kijijini, na kwa kuwa alicheza kombolela na Siwema utotoni, mimi ananiita shemeji. Nilikuwa nimeunganisha vipande harakaharaka tu, nione hadithi inakaaje. Nikamwachia nakala kwenye flashi ili jamaa za waigizaji wajione, nikamwambia, "Hii mbichi. Ikiiva nitakuletea iliyo nzuri, hii uifute." Akaniitikia ndiyo.

Huku Kibiti nikakaa na ile sauti. Kuitoa haikuwa rahisi, maana "karibu" yake ilipanda juu ya pumzi ya Omari. Nikakata pumzi ibaki, sauti itoke. Pengo lililobaki nikaliziba kwa kimya cha nyumba ileile, ambacho Siwema alikichukua mwenyewe tulipomaliza. Kwa hiyo nikamfunika kwa kimya chake. Nikamwita asikilize. Alikuwa anakunja kanga, akasimama nazo mkononi akatazama mpaka mwisho.

"Imekuwa nzuri," akasema. Akarudi kwenye kanga zake. "Ila maskini ya Mungu umemwacha mlangoni."

Nilicheka. Ile yenye kosa nikaifuta kama kawaida yangu, ile nzuri nikaipeleka Mbwera kwa mtu wa boti, nikaendelea na nyingine. Tulifanya nyingi baada ya pale, na kila moja alinifanyia hivyohivyo, anasimama, anasikiliza, anasema neno moja.

Siwema aliumwa presha, hakuugua muda mrefu. Sitaki kuisimulia. Watu wa mtaa huu walijaa, wakapika, wakasoma, na ilipopita arobaini kila mmoja akarudi kwake, kama inavyotakiwa. Nikafunga kamera kwenye sanduku. Ushauri mwingine huo: msifanye kazi ya watu wawili mkiwa mmoja. Nilijaribu mara moja, nikapiga picha nzuri kabisa ya mvua, na nilipoirudisha nikasikia upepo tu.

Upweke mnaousikia kwenye nyimbo zenu si huu. Huu hauna muziki. Unapika, unapakua sahani moja, nyingine inakutazama. Unasema "leo joto" na neno linakaa hapohapo. Hayo nayo niliyazoea. Lililonitisha lilikuwa jingine. Siku moja nikiwa naosha vyombo nilitaka kukumbuka alivyokuwa akiniita kutoka uani, na sikupata. Maneno ninayo yote. Najua alikuwa anasema nini, wakati gani, kwa kunitania vipi. Lakini sauti yenyewe ilikuwa inanitoka. Nilijaribu kuiiga kwa kinywa changu, "Salumuu," ikatoka sauti ya mzee. Niliogopa, vijana wangu. Niliona kama anakufa mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyeachiwa nimshike nikashindwa.

Mtasema si ungetafuta kwenye simu. Siwema alikuwa na kitochi, simu ya vitufe, na hata hicho alikuwa anakisahau kwenye pipa la mchele. Hajawahi kumtumia mtu sauti. Basi nikatoa filamu zetu zote. Nikazitazama moja baada ya moja, siku hadi siku, masikio nimeyatega kama nilivyomwona yeye akiyatega. Nikasikia kila mtu. Nikasikia jogoo wa Ngorongo, maji ya kijito, bati likitatarika, wazee waliokwisha kufariki wakibishana. Hayo yote ni aliyoyasikia yeye. Masikio yake yamo mle ndani mwanzo mpaka mwisho. Yeye hayumo. Nilikuwa hodari wa kazi, nilimtoa kila mahali.

Nikazima, nikakaa. Sikutafuta tena.

Mwaka huu nikajilazimisha kwenda Mbwera. Zilikuwapo kanga zake nilizoshindwa kuzigawa wakati wake, nikasema niwapelekee ndugu zake. Nikachukua gari mpaka Nyamisati, nikapanda boti. Mbwera sikuwa nimefika tangu msiba. Nikawakabidhi mzigo, tukasoma fatiha, wakanilisha wali na kamba mpaka nikaomba radhi. Baada ya sala ya alasiri nikatoka kunyoosha miguu peke yangu.

Nikapita nyuma ya kibanda cha Bi Somoe. Siku hizi ana umeme wa jua na televisheni pana. Ndani kumejaa watoto na akina mama wawili watatu. Mimi nje, upande wa ukuta wa makuti, simuoni mtu wala sionekani. Nikasikia sauti ya mwanamume, ya kukwaruza.

"Hodi."

Nikamtambua Omari. Nikatabasamu, nikasema moyoni, hii ile yangu, bado wanayo.

"Hodi."

Nikaendelea kutembea. Najua kinachofuata, hodi ya tatu, halafu kimya nilichokiziba mwenyewe.

"Hod— hodi."

"Karibu! Karibu ndani."

Nikasimama. Sauti ile ilitoka pamoja na ya watoto wote mle ndani, wanaitikia naye kwa pamoja, wanaivuta ile "ndani" kama alivyokuwa akiivuta yeye, lafudhi yake kabisa, watoto ambao hawajawahi kumwona. Halafu wakacheka, filamu ikaendelea. Mimi nimeshika ukuta wa watu.

Bi Somoe akatoka kumwaga maji akanikuta. "Shemeji! Umefika lini? Mbona umesimama huko nyuma kama mdeni?"

"Bi Somoe, hiyo mnayoitazama..."

"Ah, Ile ya Karibu. Hawa watoto hawanipi nafasi, kila siku Ile ya Karibu."

"Ile si jina lake."

"Basi mie hilo jina lake silijui. Hapa inaitwa hivyo."

"Na ile nzuri? Niliyokuletea baadaye?"

Akatazama chini kidogo. "Shemeji, usikasirike. Ile tuliiweka mara moja tu. Watu walinuna. Mtu anapiga hodi tatu, hakuna anayemjibu, halafu anaingia! Wazee wakasema huyo kaja kuomba radhi au kaja kuiba? Hata msamaha wake haukuwaingia. Nikaifuta." Akanitazama vizuri. Nadhani ndipo alipoelewa nimesimama pale kwa nini. "Hukuwa nayo hii?"

Nikatikisa kichwa.

Akanishika mkono akaniingiza, akanikalisha kwenye benchi la mbele. Akairudisha mwanzo. "Nyie," akawaambia watoto, "safari hii kila mtu kimya. Babu anamsikiliza mkewe."

Sijui kama kuna mwongozaji yeyote aliyewahi kupata kimya kama kile. Hodi ya kwanza, wakaziba midomo kwa mikono. Ya pili, mmoja akamkalia mwenzie. Ya tatu, wote macho yamewatoka kwa kujizuia. Na Siwema wangu akaitikia peke yake, kutoka nyuma ya mlango ule, kwa mtu ambaye hakuwa anahitaji kuitikiwa. Nililia mbele ya watoto wa watu. Sikuona haya. Ndiyo ile sauti. Ilikuwa nyembamba zaidi ya nilivyokuwa nikiikumbuka, na ina kicheko kidogo mwishoni ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa.

Nimerudi nayo, kwenye flashi, ndani ya kopo la mchele, na siku hizi mchana naiacha ijirudie ndani.

Basi yule aliyeniuliza faida na changamoto, jibu langu ni hili. Faida ya filamu fupi ni kwamba inakulazimisha kukata. Changamoto yake ni hiyohiyo. Kateni, ndiyo kazi, filamu isiyokatwa haitazamwi. Ila kadi za siku hizi ni kubwa, hamna haja ya kufuta. Vilivyoharibika viwekeni mahali. Kuna mtu kasimama nyuma ya mlango ameshika maiki, kuna aliyecheka, kuna aliyesema "tuanze". Hamjui kesho mtamtafuta nani. Na mkipiga filamu huku kwetu, mtu akipiga hodi, mwacheni mtu aitikie. Niliumia miezi kutafuta kimya, na mke wangu alijua tangu mwanzo kwamba pale hapakuwa mahali pake.

La mwisho ndilo lile la simu. Mkija kwangu msinipigie. Njooni mpaka mlangoni, mchana sifungi, pigeni hodi kama watu waliolelewa. Pengine mtanikuta uani na nitachelewa kusikia, kwa hiyo pigeni ya pili, pigeni ya tatu. Na mkisikia mwanamke anaitikia kutoka ndani, msirudi nyuma mkidhani mmekosea nyumba. Ingieni.